Mtazamaji wa Kariakoo na Picha Iliyoingia Nyumbani

Kila tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, watu wawili hupewa nafasi ya mbele barazani. Wa kwanza ni msanii, ambaye hueleza shida za kazi yake. Wa pili ni kiongozi, ambaye hueleza sheria na mipango ya Serikali. Yuko mtu wa tatu ambaye idadi yake huwazidi hao wawili maelfu kwa maelfu, naye ni mtazamaji: yule anayetoa shilingi yake kibindoni, akaketi mbele ya picha, akacheka, akalia, akasifu au akalaumu, kisha akarudi kwake. Huyu ni nadra kuitwa kikaoni. Na wahenga wetu walikwisha sema kwamba asiyekuwapo na lake halipo.

Katika insha hii tunakusudia kumrudisha barazani mtu huyo wa tatu. Tutaifuata historia ya picha za sinema tangu zilipokuwa zikitazamwa katika majumba makubwa ya mjini, mpaka zilipoingia sebuleni kwa njia ya deki, kisha zikaingia mfukoni kwa njia ya simu. Tumechagua kuitazama historia hiyo tukiwa tumesimama Kariakoo, kwa sababu pale ndipo kila chombo kipya kilipopimwa na wananchi kwa kipimo ambacho hakina upendeleo, yaani kununua au kutonunua.

Kariakoo yenyewe ni mtoto wa historia. Jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo baada ya mji kutekwa kutoka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916. Mitaa iliyoizunguka kambi hiyo ikawa makao ya Waafrika wa kila kabila waliokuja kutafuta riziki. Jengo kubwa la soko, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, na ni jengo hilo lililoungua Julai 2021. Lakini biashara ya Kariakoo haikupata kuwa ya ndani ya jengo peke yake. Msimbazi, Kongo, Aggrey, Livingstone na Uhuru ni mitaa ambayo kwa miaka mingi imeliuzia taifa redio, santuri, kaseti, televisheni, na kila kilichofuata.

Tukiyasikiliza kwa makini maoni ya wanunuzi wa mitaa hiyo katika vipindi vyote hivyo, tutaona kwamba vyombo vimebadilika mara nyingi, lakini maswali ya mtazamaji yamebaki matatu. Picha hii ni bei gani? Inasema kwa lugha gani? Na kisa chake kinanihusu nini mimi? Hoja yetu ni kwamba aliyeyajibu maswali haya matatu alimpata mtazamaji, na aliyeyapuuza alimpoteza, awe ni mwenye jumba la sinema, Serikali, msanii au kampuni ya ng'ambo.

Picha ilipokuwa mjini

Mwaka 1967 sensa ilihesabu katika Dar es Salaam watu wapatao 272,000. Mji huo mdogo ulikuwa na majumba ya sinema ambayo majina yake bado yanatamkwa kwa mapenzi na wazee: Empire, Empress, Avalon, New Chox, Odeon, Cameo, na Amana kule Ilala. Mwaka 1966 ikaongezeka Msasani sinema ya magari, ambako familia zilitazama picha zikiwa zimeketi ndani ya gari, na wasio na gari nao walipata mahali pa kukaa.

Picha za Kihindi zilipendwa mno. Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 ziliwatoa machozi watu ambao hawakujua Kihindi hata neno moja. Wataalamu wengine waliona ajabu. Sisi hatuoni ajabu yoyote. Kijana maskini anayekataliwa na baba, mama anayewalea watoto peke yake katika nchi yenye ukame na madeni, mapenzi yanayozuiwa na wazee: hayo yalikuwa mambo ya Magomeni na Gerezani kama yalivyokuwa mambo ya Bombay. Swali la tatu la mtazamaji lilikuwa limejibiwa vizuri hata swali la pili likasamehewa kwa muda.

Wala mtazamaji hakukaa kimya. Aliyelipa kiingilio alikuwa na haki ya kupiga miluzi, kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, na kumzomea mwendesha mitambo mkanda ulipokatika. Kesho yake, barazani au kijiweni, aliyeona alimsimulia asiyeona. Alisimulia kwa Kiswahili, akaongeza chumvi, akaiga sauti, akaimba pale penye wimbo. Desturi hiyo ya kuisimulia upya picha ya kigeni ni jambo tunalomwomba msomaji alikumbuke, kwa maana litarudi mbele.

Serikali nayo iliingia katika kazi hii. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikapewa dhamana ya kuingiza na kusambaza filamu. Mwaka 1974 ikaanzishwa taasisi ya Audio Visual kwa msaada wa Denmark. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, ikaweka utaratibu wa vibali na ukaguzi. Tukapata filamu zetu wenyewe: Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970, Arusi ya Mariamu mwaka 1985, Mama Tumaini mwaka 1986. Nia ilikuwa njema na kazi hizo ni hazina. Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba katika mpango huo mtazamaji alifikiriwa zaidi kuwa mtu wa kulindwa na kufundishwa kuliko kuwa mtu wa kuulizwa. Filamu zilikuwa chache sana, na kiu ya watu ilikuwa kubwa.

Deki yatangulia kituo

Huko Japani mambo yalikuwa yakibadilika. Kampuni ya Sony ilitoa deki ya Betamax mwaka 1975, na JVC ikaifuatia na VHS mwaka 1976. Baada ya miaka michache mashine hizo zilikuwa zimefika katika bandari zote za Bahari ya Hindi.

Zanzibar ilikuwa na kituo cha televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine. Viongozi waliona kwamba fedha ya nchi maskini iende kwanza kwenye visima, shule, zahanati na redio, ambayo humfikia mkulima kijijini, kabla ya kwenda kwenye chombo ambacho kingewafaa wachache wa mjini. Vituo vya kwanza vya televisheni Bara, kama vile CTN, DTV na ITV, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Hapo likatokea jambo ambalo halikutokea katika nchi nyingi za dunia. Watu wa Dar es Salaam walianza kununua televisheni kabla ya kuwapo kituo cha kutazamia. Walinunua kioo kwa ajili ya deki. Uingereza na Marekani, kituo ndicho kilichotangulia: mtazamaji alifundishwa kwanza kungoja ratiba, na video ilipokuja ikamfungua. Kwetu ilikuwa kinyume. Kwa watu wengi wa mji huu, kioo kilikuwa tangu mwanzo chombo ambacho mwenye nyumba hukichagulia mwenyewe cha kuonyesha. Tukilifahamu jambo hili, hatutashangaa kwamba kila aliyejaribu baadaye kumpangia mtazamaji wa Dar es Salaam alipata upinzani.

Kanda zilitoka Dubai, Maskati, Bombay na London, nyingi zikiwa ndani ya masanduku ya wasafiri. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya mwaka 1985 biashara ilipozidi kulegezwa, deki zikaonekana waziwazi madukani. Maduka ya kuazimisha kanda yakafunguliwa. Mtu aliacha jina na amana, akachukua kanda jioni, akairudisha kesho yake.

Majumba ya sinema hayakuweza kushindana. Tangu vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Filamu mpya zikawa adimu, vipuri vya mitambo vikakosekana, viti vikachakaa. Wakati jumba likirudia picha ya miaka kumi iliyopita, kanda ya picha mpya ilikuwa inazunguka mtaani. Wako waliosema kwamba mwananchi aliyeliacha jumba la sinema alipotoshwa na kasumba ya vitu vya kigeni. Sisi tunasema alipiga hesabu. Mama mwenye watoto wanne hakuhitaji tena nauli ya basi, viingilio vitano na hofu ya kurudi usiku. Kanda moja iliwatosha yeye, wanawe na majirani waliojaza mkeka. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, na mengine yakageuzwa maduka, maghala au kumbi za ibada.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na hasara yake, nayo tuitaje. Katika jumba la sinema Mhindi, Mwarabu na Mwafrika, mkarani na kuli, walicheka pamoja gizani ingawa viti vyao havikuwa vya bei moja. Picha ilipoingia nyumbani, kila mmoja alicheka na wa kwake.

Kibanda na sauti ya mfasiri

Asiyeweza kununua deki hakuachwa nyuma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa wingi zaidi katika miaka ya 1990, vibanda vya video vilichipuka Kariakoo, Buguruni, Manzese, Temeke na kila penye watu wengi na umeme. Mabati au magunia, benchi za mbao, televisheni moja juu ya meza, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo. Wananchi waliviita vibanda umiza, jina ambalo aliyekaa saa tatu juu ya benchi lile haulizi maana yake. Vilidharauliwa na wengi, lakini kwa vijana wa mitaa ya wanyonge vilikuwa ndiyo sinema ya pekee waliyoimudu.

Katika vibanda hivyo ndipo desturi tuliyoitaja iliporudi. Msimuliaji wa barazani alishika kipaza sauti. Picha ikiwa inakwenda, yeye aliieleza kwa Kiswahili: huyu ni nani, anataka nini, amesema nini. Aliwapa wachezaji wa kigeni majina ya kwetu, akawatania, akautafsiri ugomvi wa Hong Kong kwa maneno ya Kariakoo. Baadaye sauti hizo zikarekodiwa juu ya kanda na kuuzwa. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilifika mbali kuliko filamu nyingi tulizozitengeneza wenyewe. Wenzetu wa Uganda walikuwa na wasimuliaji wa namna hiyohiyo kwa Kiganda. Filamu za Nigeria, ambazo biashara yake ilishika kasi baada ya Living in Bondage ya mwaka 1992, zilipofika kwetu nazo zikatiwa Kiswahili kwa njia hiyo.

Kisheria, kazi hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa wenye filamu hawakuombwa ruhusa wala hawakulipwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, na COSOTA iliyoundwa kutokana nayo, zilikuja kuweka wazi kwamba kazi ya sanaa ni mali ya mtu. Hilo hatulipingi. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumeuona wizi tu na kuukosa ujumbe. Ujumbe ulikuwa huu: mtazamaji wetu alikuwa tayari kulipa zaidi kwa picha inayosema naye kwa Kiswahili.

Ujumbe huo ulichukua muda kusikika. Mwaka 2011 shirika la TBC lilirusha tamthilia ya Kichina juu ya mke kijana, Doudou, na misukosuko yake na mama wakwe, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ikapendwa sana, hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye tamthilia ya Kituruki ya Sultan iliyotiwa Kiswahili ikawakusanya watu mbele ya Azam TV. Mashirika makubwa yalikuwa yamegundua kile ambacho mwenye kibanda cha mabati alikijua tangu zamani.

Sinema yetu na hukumu ya sokoni

Filamu zetu za video zilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vikundi vya maigizo ya televisheni, mfano Kaole, vilikuwa vimekwisha wazoesha watu kuwaona wachezaji wanaosema kama wao. Filamu ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003 ilionyesha kwamba kisa cha vijana wa Dar es Salaam chaweza kuuzwa. Baada ya hapo Kariakoo ikawa ghala la filamu za nchi nzima. Wasambazaji walinunua kazi kwa watayarishaji, mara nyingi haki zote kwa malipo ya mkupuo mmoja, wakazitoa katika diski na kuzipeleka mikoani, Kenya, Kongo na kwingineko kunakosemwa Kiswahili.

Mapenzi ya watu kwa wasanii wao hayakuwa ya mdomo. Steven Kanumba, aliyecheza Dar 2 Lagos mwaka 2006 pamoja na Wanigeria, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, umati uliojaa viwanja vya Leaders Club ulikuwa wa namna ambayo mji haukuzoea kuuona kwa mtu asiye kiongozi wa siasa.

Pamoja na mapenzi hayo, mtazamaji alikuwa na malalamiko, na malalamiko yake yalikuwa dhahiri. La kwanza lilikuwa juu ya bei. Diski ya VCD hubeba picha ya dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu ndefu hugawanywa mara mbili. Jambo hilo la kiufundi liligeuzwa kuwa mtindo wa biashara: kisa ambacho kingekwisha kwa saa moja na nusu kilivutwa, mchezaji akapanda gari taratibu na kushuka taratibu, ili ipatikane sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Mnunuzi aliona kwamba anatozwa mara mbili kwa hadithi moja. La pili lilikuwa juu ya lugha. Filamu za Kiswahili zilipewa majina ya Kiingereza, na chini ya picha yakaandikwa maneno ya Kiingereza ambayo mara nyingi yalikuwa na makosa. La tatu lilikuwa juu ya kisa: majumba ya kifahari, mapenzi ya matajiri, na mashamba, viwanda na madaladala ya wananchi hayaonekani.

Wakati huohuo uharamia ulikuwa unaikausha kazi yenyewe. Hapa yafaa tueleze tofauti moja. Kanda ya VHS ikinakiliwa hufifia, na nakala ya nakala hufifia zaidi, mpaka picha huwa kama inatazamwa ndani ya moshi. Ufifiaji huo ulikuwa kinga ndogo ya msanii. Diski haina kinga hiyo, kwani nakala ya mia moja ni sawa na ya kwanza. Zikaja pia diski zilizobanwa filamu nyingi za ng'ambo pamoja, zikauzwa kando ya barabara kwa bei ambayo mtengenezaji mmoja wa filamu moja asingeiweza kamwe. Serikali ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki mwaka 2013 ili diski halali itambulike. Lakini mteja aliyesimama mbele ya meza mbili, moja ya stempu na moja ya bei nafuu, hakuwa mwanasheria. Alikuwa na elfu chache mkononi.

Mwezi Aprili 2017 mgogoro huo ulitoka hadharani. Wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa bila kufuata sheria. Maoni ya wananchi yaligawanyika. Wako waliosimama na wasanii, wakisema kwamba hakuna kazi iwezayo kushindana na kitu kilichoibwa. Wako waliojibu kwamba wasanii waboreshe kazi zao kwanza, na kwamba mnunuzi halazimishwi kupenda.

Sisi tunaona kila upande ulishika kipande cha ukweli. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na walalamikaji wa filamu dhaifu walikuwa na haki ya kulikumbusha hilo. Lakini methali hiyo ilitungwa kwa soko ambalo kila muuzaji amekigharimia alichokileta. Chema cha mwenye gharama hakiwezi kujiuza kando ya kilichookotwa. Kosa kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba mazungumzo hayo yalifanyika kwa zogo la barabarani, msanii na mtazamaji wakionana kama maadui, ilhali kila mmoja ni riziki ya mwenzake.

King'amuzi, flashi na bando

Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika Mashariki kuanza kuhamia matangazo ya dijitali. Picha ikawa safi na vituo vikaongezeka. Lakini nyumba isiyo na king'amuzi ilibaki na kioo cheusi, na wengi walihisi wamezimiwa chombo walichokinunua kwa fedha yao. Agosti 2018, vituo vya ndani vya kutazamwa bure vilipoondolewa katika baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, manung'uniko yakarudi. Sheria ilikuwa na sababu zake, maana vituo vya bure havikupaswa kuwa bidhaa ya mtu. Lakini mlaji alichokiona ni kwamba sasa anahitaji vyombo viwili kwa kazi iliyofanywa na kimoja.

Mwezi Januari 2016 Netflix ilifungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2022 filamu yetu ya Binti ilipata nafasi huko. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, tukiuliza maswali yetu matatu, tutaona kwa nini huduma za namna hiyo zimepita juu ya vichwa vya wengi wa Kariakoo. Saa moja ya picha ya kawaida hula takriban gigabaiti 1, na picha angavu hufika 3. Juu ya ada ya mwezi, basi, iko gharama ya bando. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilizisimamisha mara moja. Huo ni mfano mmoja wa wazi wa sauti ya mtumiaji kusikika juu, na ilisikika kwa sababu ilikuwa ya wote kwa pamoja.

Katikati ya king'amuzi na bando limezaliwa duka la flashi. Kijana ana kompyuta moja na meza. Mteja huleta flashi au simu, huchagua tamthilia ya Kikorea, ya Kituruki au ya Kihindi, nyingi zikiwa na sauti ya msimuliaji wa Kiswahili, hulipa kidogo kwa kila kipande, huondoka. Hahitaji kadi ya benki, wala bando, wala mkataba wa mwezi. Ni duka lililoyajibu maswali yote matatu, isipokuwa kwamba limeyajibu kwa mali ya watu wengine. Hilo ndilo fumbo lililo mbele ya taifa letu.

Tufanye nini

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu, lakini kujifunza huko hakuna maana ya kutupa kilicho chetu. Tukiutumia mwongozo huo leo, tutaacha kumwona mtazamaji anayependa picha ya Kituruki kama msaliti. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli, lakini hutunzwa akicheza ngoma ambayo wa kwao wanaijua.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, duka la flashi lisikimbizwe tu, bali lifundishwe na kupewa leseni, kazi halali zipelekwe humo kwa bei ya kipande kimoja kimoja, na malipo yafanywe kwa simu, njia ambayo wananchi wameizoea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Muuzaji ambaye ana sehemu yake halali ndiye mlinzi bora wa mali ya msanii. La pili, walaji wa huduma za mawasiliano wanalo baraza lao la ushauri lililowekwa na sheria ya mwaka 2003, lakini baraza hilo linahusu huduma, si kisa wala lugha ya kazi yenyewe. Vyombo vinavyosimamia filamu viweke desturi ya kuwauliza watazamaji, katika masoko na mitaa, kama vinavyowauliza wasanii. La tatu, kanda za wasimuliaji wa Kiswahili, mbao za vibanda na kumbukumbu za wazee waliokaa Avalon na Amana zikusanywe na kuhifadhiwa. Kanda ya sumaku huliwa na ukungu na joto la pwani, na msimuliaji akifa hakuna wa kuirudia sauti yake.

Mji uliokuwa na watu 272,000 ulihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Wengi wao hawakupata kuingia katika jumba la sinema la zamani hata mara moja. Lakini jioni, katika vyumba vya kupanga vya Kariakoo na Ilala, bado mtu mmoja hushika simu, wenzake wakamzunguka, na aliyekwisha kuona sehemu ya kwanza huwasimulia wengine kilichopita ili waingie pamoja katika ya pili. Watu hao wana maoni, na maoni yao yana miaka sitini ya uzoefu nyuma yake. Kilichobaki ni kuwawekea kiti barazani.